Tuwazuie sisimizi kabla ya kupulizia sumu mizabibu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wakulima wenzangu wa zabibu jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua: mara nyingi tunamshambulia mdudu anayeonekana na kumwacha anayemlinda.

Kwa miaka kadhaa nilipulizia dawa kwa kufuata kalenda, na kila msimu vidung'ata, wale wadudu weupe kama waliopakwa unga, walirudi wengi kuliko awali. Siku moja nilibandua gome lililolegea kwenye shina la mzabibu mkongwe, nikawakuta wamejazana chini yake, mahali ambapo dawa haifiki, huku sisimizi wakipanda na kushuka kwa msururu. Kidung'ata hufyonza utomvu na kutoa majimaji matamu. Sisimizi huyanywa, na kwa ajili ya utamu huo huwafukuza nyigu wadogo wanaowaua vidung'ata kwa kutaga mayai ndani yao. Majimaji hayo yakidondokea vichala huota ukungu mweusi. Baya zaidi, vidung'ata husambaza virusi vya ugonjwa wa kujikunja majani, ambao hauna tiba shambani.

Sumu inayoua kila kitu huwamaliza nyigu walio nje, na vidung'ata waliojificha huzaliana bila adui.

Linaloniuma zaidi ni kwamba tunawaua marafiki kwa kutowajua. Yupo mbawakawa mdogo mweusi mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, Cryptolaemus montrouzieri, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1890 alipelekwa California kutoka Australia ili ale vidung'ata. Buu lake limefunikwa nyuzi nyeupe za nta na linafanana mno na windo lake, ila hukua likawa kubwa zaidi na hutembea upesi. Nimeyaponda mabuu hayo kwa vidole vyangu mwenyewe, nikidhani naokoa shamba.

Siku hizi nafunga utepe kwenye shina na kupaka gundi ya kuzuia sisimizi juu ya utepe huo, kwa sababu gundi ikigusa gome inaweza kulidhuru, kisha nafyeka magugu na kukata matawi yanayogusa ardhi, maana sisimizi huyafanya daraja. Dawa naitumia pale tu ninapowakuta vidung'ata wamezidi, baada ya kukagua mashina.

Ningeomba gazeti lako lichapishe picha ya buu hilo na ya kidung'ata zikiwa pamoja, ili mkulima aweze kuzilinganisha akiwa shambani.

Mkulima wa zabibu