Kabla hujatuomba tuongeze besi, tusikilize kwanza haiheti

Wengi wanaoingia studio kwetu hapa Mwanga, Kigoma, huja na flashi mkononi na ombi lile lile: "Kaka, niongezee besi, biti haigongi." Tunaichomeka, tunasikiliza, na mara nyingi besi ipo ya kutosha. Kinachokosekana ni mkono wa mtu.

Alikuja kijana wa Ujiji, DJ wa harusi, na biti ya haus (aina ya muziki wa dansi wa kielektroniki) aliyoitengeneza mwenyewe kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika. Ilikuwa nzito kiasi cha kutikisa mlango. Lakini alituambia kitu kilichomuuma: akiipiga ukumbini, watu wanainuka, wanacheza kidogo, kisha mmoja mmoja wanarudi kwenye viti. Tukazima besi, tukazima kinanda, tukaiacha haiheti, zile sahani mbili za chuma za seti ya ngoma, peke yake. Kila mlio ulikuwa sawasawa na uliotangulia, kwa nguvu, kwa rangi ya sauti, kwa nafasi. Ilisikika kama cherehani.

Sasa mtazame mpiga kayamba wa kwaya yoyote Jumapili. Mkono wake unakwenda mbele na kurudi. Wa kwenda una uzito, wa kurudi ni mwepesi na hauchukui muda sawa kabisa na ule wa kwanza. Hajapanga hivyo, maumbile ya mkono ndiyo yanayopanga. Ukichora haiheti kwenye kompyuta kwa kubofya vyumba 16 vya bita moja (mapigo manne), programu inaipa kila noti nguvu ileile. Nguvu hiyo, tunayoiita velositi, katika MIDI, lugha ambayo kompyuta na vyombo vya muziki hupashana noti, hupimwa hadi 127. Kwa kijana wa Ujiji tulianza hapo. Haiheti zinazoangukia juu ya pigo tulizipa kama 95, za katikati ya pigo 110 kwa sababu katika haus hizo ndizo zinazomnyanyua mchezaji, na zile ndogo za pembeni tukazishusha hadi 45, nyingine 60. Hatukugusa kitu kingine chochote, na tayari alianza kutikisa kichwa kufuata mdundo.

Kisha ukaja muda. Kwa kasi ya 120, pigo moja ni milisekunde 500, na kila chumba katika vile 16 ni milisekunde 125. Vyumba viwili viwili hufanya jozi ya milisekunde 250. Noti ya pili ya jozi ikikaa katikati kabisa, yaani asilimia 50, biti imenyooka. Ukiisogeza hadi asilimia 54 inachelewa milisekunde 10. Asilimia 58 ni milisekunde 20, na hapo hata asiyejua muziki anaanza kuyumba mabega. Ukifika karibu na 66, mdundo unakuwa wa kuchechemea kabisa, mzuri kwa baadhi ya nyimbo, lakini haus nyingi haiutaki. Huo ndio uchawi wa swingi, na ni wa zamani: Mmarekani Roger Linn aliuweka kwenye mashine yake ya ngoma LM-1 mwaka 1980, kisha kwenye Akai MPC60 ya mwaka 1988, na maprodyuza wengi wa hip hop na haus wamejifunzia hapo. Angalizo moja: programu nyingine huanza kuhesabu swingi kutoka sifuri badala ya 50, kwa hiyo usinakili namba zetu bila kusikiliza.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nasi tunalisema hili kila siku. Wakisikia kwamba mpigaji hayuko sawa na gridi, yaani ile mistari ya vyumba kwenye kompyuta, wanabonyeza kile kitufe cha kutawanya noti ovyo ovyo. Matokeo yake ni mpigaji aliyelewa. Mpigaji mzuri hakosei ovyo. Ana tabia. Kama anachelewesha sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) kidogo, anaichelewesha vile vile bita baada ya bita, na mwili wa msikilizaji unaijua tabia hiyo na kuitegemea. Tunachosogeza sisi tunakisogeza kwa mpango, bita mbili au nne, kisha mpango unarudi.

Na kuna kitu ambacho hatukisogezi kabisa: ngoma ya mguu, ile kiki ya pigo la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Watu wa Kigoma hawahitaji kwenda mbali kulielewa hili. Jirani zetu Warundi, ambao ngoma yao ya kifalme iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, wana ngoma ziitwazo amashakwe zinazoshika mdundo mmoja bila kuuacha, huku ibishikizo zikifuata mwendo wa inkiranya, ngoma ya katikati. Kwa sababu wapo walioushika mdundo, mwingine anapata uhuru wa kuzungumza. Muziki wa dansi wa kielektroniki unaishi kwa mkataba huo huo. Kiki ikae kwenye gridi, imara kama mlingoti, na uhai uwe kwenye haiheti, kayamba, makofi na konga zinazoizunguka. Ukiiyumbisha kiki, DJ mwenzako atakulaani anapojaribu kuunganisha wimbo wako na mwingine.

Rangi ya sauti nayo ina neno. Fimbo ikigonga haiheti kwa nguvu, mlio hauongezeki ukubwa tu, unakuwa mkali zaidi. Sampo (mlio uliorekodiwa) moja ikirudiwa kwa velositi tofauti inabaki na ukali uleule, na sikio linautambua udanganyifu. Tunatumia sampo tatu au nne za haiheti ileile kwa zamu, na tunaunganisha velositi na filta (kichujio cha sauti) ili pigo dogo liwe pia na giza kidogo. Haiheti iliyofunguka lazima ikatwe na ile iliyofungwa inapolia, maana ni sahani mbili zilezile, haziwezi kuwa wazi na kufungwa kwa wakati mmoja. Makofi tunayapanga matatu, kila moja likipishana na jingine kwa milisekunde chache, kama watu watatu waliosimama mahali tofauti ukumbini.

Baada ya kazi yote hiyo, limita (kizuizi cha sauti kubwa) moja kali juu ya ngoma zote inaweza kuifuta kwa sekunde moja, kwa sababu inairudisha milio midogo na mikubwa kwenye usawa mmoja. Tumeona hili kwenye biti nzuri sana, na linasikitisha.

Singeli ni habari nyingine. Kwa kasi ya 200 na zaidi, chumba kimoja hakizidi milisekunde 75, kwa hiyo kuchelewesha noti milisekunde 20 ni kuivuruga. Huko tunaiacha gridi kama ilivyo na kufanya kazi kwenye nguvu na mabadiliko ya sauti tu.

Ukitaka tukufanyie kazi hii, usitutumie mp3 peke yake. Ngoma zikishagandamana na kinanda na sauti ya mwimbaji, hatuwezi kuifikia haiheti mojamoja, na tutakwambia hivyo kabla hatujapokea hela yako. Lete folda nzima ya mradi, au kila ngoma kwenye faili lake la wav pamoja na faili la MIDI, na limita iwe imezimwa. Tuandikie kasi ya wimbo. Tuletee pia wimbo mmoja unaopenda unavyotembea, wa aina yoyote, hata kama ni rumba ya Kongo. Wateja wa Kasulu na Kibondo wanatutumia kwa intaneti, si lazima ufunge safari.

Tukimaliza tunakupa matoleo mawili, lako la mwanzo na letu, yakiwa na ukubwa wa sauti uliolingana, kwa sababu sikio hupenda kinachopiga kelele zaidi na kudhani ndicho bora. Yasikilize kwenye spika unazofanyia kazi, watu wakiwepo, kisha utuambie wapi bado pamekakamaa.