Aksanti kwa baba aliyepiga hodi

Baba uliyepita kwetu Lubumbashi mwezi wa nane, jina hukuacha, basi shukrani zikufuate hapa. Mawaridi yalikuwa yanapukutisha majani ingawa yalimwagiliwa kila jioni. Ulichomeka kidole ardhini: maji yalikuwa yameshuka kiasi cha ukucha tu, chini udongo mwekundu mkavu kama tofali. Ndiyo maana mizizi ilibaki juu, ikiungua na jua.

Ulichimba kibeseni kuzunguka kila shina, ukamimina ndoo ya lita 10 polepole, ukasema mara mbili kwa wiki, asubuhi. Ukatandaza nyasi kavu unene wa vidole vinne, ukiziweka mbali na shina kwa upana wa kiganja, maana mchwa wa huku hawaachi kitu. Matawi makavu uliyakata mshazari, juu kidogo ya jicho (pale chipukizi linapotokea) linalotazama nje.

Hata mvua uliiwaza: zikianza, vibeseni vibomolewe maji yasituame, na majani yenye madoa meusi yaokotwe yote. (Hilo wengi hulisahau.) Pesa ulikataa.

Mwezi wa kumi machipukizi mekundu yametoka. Wasomaji, mkiona ua la jirani linanyauka, pigeni hodi.