Siku mbili za kibarua: nimeajiriwa au sijaajiriwa?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mimi ni fundi cherehani, mkazi wa Mburahati. Miaka tisa nimekaa kwenye mashine ya ovaloki ya kiwanda cha nguo, mpaka oda za nje zilipokata na wengi wetu tukapunguzwa kazi. Kiwanda sikilaumu. Kiinua mgongo nililipwa kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyosema, mshahara wa siku saba kwa kila mwaka niliotimiza, ikaja milioni moja na vijisenti. Deni la kikoba likachukua nusu, ada ya chuo ya binti yangu ikachukua iliyobaki.

Kinachonishikilia sasa ni fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii tuliokuwa tukikatwa mishahara kuuchangia. Wasomaji wengi hawalijui kwa sababu hawajafikwa, kwa hiyo nilieleze kidogo. Ukiwa umechangia angalau miezi 18, hujafika miaka 55, na hukuacha kazi kwa hiari yako, unalipwa theluthi moja ya mshahara wako, asilimia 33.3, kwa miezi sita. Mwenye michango ya chini ya hapo, kama binti tuliyekuwa tukikaa mashine za jirani, hupewa nusu ya michango yake na safari imeishia hapo. Zamani kulikuwa na fao la kujitoa; mtu akiachishwa kazi alichukua chake chote akaondoka. Mabadiliko ya sheria ya 2018 yakaliondoa, na kelele zilizopigwa wakati ule nazikumbuka, maana na mimi nilipiga. Leo siwezi kusema lilikuwa kosa. Ningekuwa nimechukua zote, zingekuwa zimeshaliwa.

Mshahara wangu ulikuwa 420,000. Theluthi yake ni kama 140,000 kwa mwezi. Chumba na sebule ninachopanga ni 120,000 kwa mwezi. Ukitazama haraka utasema kumbe kodi inalipika, mama analalamika nini. Lakini nani Dar es Salaam hii anapokea kodi ya mwezi mmoja? Kodi yangu inaisha tarehe 30 ya mwezi ujao, na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, yaani 720,000. Nilimfuata barazani kwake jioni moja, nikamsalimia vizuri, nikamwambia, "Baba, hali yangu unaijua, naomba nilipe mwezi kwa mwezi mpaka nipate kazi." Akacheka bila ubaya, akaniambia, "Mama Rehema, mwezi kwa mwezi ni gesti." Ndiyo yakaisha.

Fao lote la miezi sita ni 840,000. Ukitoa kodi ya miezi sita inabaki 120,000 ya kula, kunywa, maji, luku na nauli kwa siku 180. Hiyo ni shilingi 666 kwa siku. Nauli ya daladala ya karibu ni 600, kwenda tu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kuna dada ana karakana ya kushona sare za shule, mashine tano chini ya bati, huko Manzese. Ananijua mkono wangu. Amenipigia akasema, "Dada, mfanyakazi wa wiki nzima siwezi kumlipa, ila njoo Ijumaa na Jumamosi unishonee sketi za marinda, nakupa 15,000 kwa siku." Siku nane kwa mwezi, 120,000. Kodi yangu ileile, haizidi wala haipungui. Nilitamani nianze palepale.

Lakini moja ya masharti ya fao ni kwamba uwe hujapata ajira nyingine. Sasa siku mbili kwa wiki, bila mkataba, ukiumwa hulipwi, Januari shule zikishafunguliwa huitwi tena: hiyo ni ajira? Ikiwa ni ajira, basi napokea 120,000 nipoteze 140,000, na kwa kufanya kazi nitakuwa nimejipunguzia 20,000, bado nauli ya Manzese. Ikiwa si ajira, naomba niambiwe hivyo kwa maandishi.

Nimeuliza tuliopunguzwa pamoja. Mmoja anasema kibarua hakina shida, bora usiwe na mkataba. Mwingine anasema ukionekana tu umekwisha, na ulizokwisha kula utazirudisha. Wa tatu hakujibu swali, yeye alishaanza zamani. Huyo nimemwona kwa macho yangu. Anashonea mtu nyumbani, na kabla hajatoka uani anasimama mlangoni anajichambua nyuzi kwenye gauni, moja moja, kama mtu anayetoa mbegu za majani baada ya kupita porini. Malipo yake hataki kwa simu, anataka taslimu, eti ujumbe wa simu unabaki. Mama mtu mzima, ana wajukuu, hajawahi kuiba hata pini kiwandani, leo anajificha kwa sababu ya kushona shati.

Wifi yangu anaishi Ujerumani, Hamburg, mji ambao umekuwa mji rafiki wa Dar es Salaam tangu 2010 (sisi huku urafiki huo tunausikia zaidi kwenye hotuba). Naye aliachishwa kazi, ya jikoni hotelini. Kule anayestahili fao hupata asilimia 60 ya mshahara uliokwisha kukatwa kodi, na mwenye mtoto asilimia 67. Lakini nilichokipenda siyo ukubwa wa fedha, maana na sisi hatuchangii kama wao. Nilichokipenda ni kwamba wameandika mpaka. Ukiwa kwenye fao unaruhusiwa kufanya kazi ilimradi isifike saa 15 kwa wiki, na uitaarifu ofisi ya kazi. Euro 165 za kwanza kwa mwezi, baada ya makato ya kawaida, ni zako, haziguswi. Zinazozidi zinapunguzwa kwenye fao. Ukifika saa 15, huhesabiwi tena kuwa huna kazi. Kodi ya nyumba nayo ina msaada wake, unaopimwa kwa kipato, idadi ya watu nyumbani na kodi yenyewe. Wifi analalamika, kwa sababu akiongeza zamu, euro zote za juu ya hizo 165 zinakwenda na fao. Nikamwambia wewe lalamika tu, angalau unajua unalalamikia nini.

Mimi kwenye kitambaa nachora chaki kwanza ndipo nikakate. Huku kwetu naona mkasi, chaki sijaiona. Kama ipo, wahusika waitangaze kwenye gazeti hili, redioni, hata kwenye vipaza sauti vya serikali za mitaa. Kama haipo, wachore. Waseme kibarua cha siku mbili au tatu kwa wiki si ajira, mtu akitaje, na kikizidi kiasi fulani fao lipungue kwa nusu ya kilichozidi. Asiyekatwa chote hana sababu ya kuchambua nyuzi mlangoni.

Na hili la kodi lina ombi lake la pembeni. Fao linakuja kwa mwezi, kodi inadaiwa kwa nusu mwaka. Kwa nini mwenye kuonyesha mkataba wa pango asipewe fao la miezi mitatu kwa mkupuo, tena ikibidi lilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba? Najua kuna watakaosema tutazila. Wapo watakaozila. Hata mshahara wapo waliokuwa wakiumaliza tarehe mosi, na hakuna aliyesema ulipwe kidogo kidogo.

Nimebakiza miezi mitatu ya fao. Dada wa Manzese ameshanunua kitambaa cha marinda, bluu ya bahari, na anataka jibu langu kabla ya Ijumaa.

Mama Rehema,
Mburahati, Dar es Salaam