Nilisikia kitu kikianguka

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, nyumbani wote wazima, isipokuwa vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto ambavyo vimekufa ganzi tangu ile Jumamosi, na shemeji yako ambaye hajalala vizuri tangu usiku wake. Habari ya vidole nitakueleza. Ya shemeji yako umeisababisha wewe, kwa hiyo barua hii kwanza ni ya kukushitaki, halafu ni ya kukuomba kitu. Usirukie mwisho.

Saa nane usiku, ndugu yangu! Mtu mzima na akili zake anampigia shemeji yake saa nane usiku na kumwambia, "Usishtuke, ila nukta yake haijasogea tangu saa tatu." Asishtuke vipi? Ameamka, ameiwasha kompyuta, ameikuta nukta yangu, ile inayoonyesha kwenye ramani baiskeli yangu ilipo, imeganda katikati ya pori kwenye kilomita ya 187 ya safari, ananipigia na simu imezimwa. Simu niliizima mwenyewe ili chaji inifikishe Jumapili jioni. Hilo unalijua, ndiyo kawaida yetu sote, lakini kwa mtu aliyeamshwa usingizini, simu iliyozimwa na nukta isiyosogea vina maana moja tu.

Najua ulifanya kwa mapenzi. Naanza na lawama kwa sababu nimelaumiwa wiki tatu mfululizo na nilitaka na mimi nimpate wa kumlaumu.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Safari ilikuwa kilomita 400, nusu udongo na changarawe, kuanzia Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi hadi Jumapili saa kumi na mbili jioni. Saa 36. Najua utasema brevet, zile safari ndefu za baiskeli zenye kikomo cha muda, ya kilomita 400 hupewa saa 27, na utaanza tena habari za Paris-Brest-Paris yako ya Ufaransa, kilomita 1,200 kwa saa 90. Zile ni za lami, bwana. Huku kuna mahali nilitembea kilomita tatu nzima nikisukuma baiskeli kwenye mchanga, huku nikijiuliza ni nani hasa aliyenilipia kiingilio. Ni mimi.

Sharti ni lile lile: unabeba vyako vyote, unaweza kununua popote ambapo mtu yeyote anaweza kununua, lakini hakuna wa kukusubiri njiani na kikapu. Mimi nilibeba vingi mno. Profesa, aliyekuwa safarini naye, alikuja na begi la fremu na koti la mvua, basi. Akaupima mzigo wangu kwa macho, akasema, "Unahama?" Ule mfuko wako wa nyuma ya kiti nilioazima niliujaza mpaka ukatoa kidevu: godoro la kupuliza, nguo za baridi, na kwa ujinga ambao sitausahau, spana zote, pampu na tyubu mbili za akiba. Vizito kabisa, nikavitia mwisho kabisa wa mfuko. Ulikuwa umeniambia mara ngapi kwamba kizito kikae chini, ndani ya pembetatu ya fremu, na nyuma kiende chepesi kinachobonyea? Kuanzia kilomita ya kwanza ya changarawe mfuko ulikuwa unapunga kushoto na kulia kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Na juu ya mfuko huo, kwenye mkanda wako uliochakaa (ndiyo, nauita uliochakaa, subiri), ndipo nilipokifunga kile kifaa cha kutuma nukta.

Umeshaona tunakoelekea.

Niseme kwanza kuhusu vidole, maana ndivyo vinanifanya niandike polepole. Nilianza na upepo wa psi 50 kwenye tairi za milimita 45. Ubishi tu. Nilijiambia baiskeli ina mzigo, tairi likiwa gumu litateleza vizuri zaidi. Kwenye lami, labda. Kwenye changarawe kila jiwe lilipanda kutoka kwenye rimu hadi kwenye usukani hadi kwenye viganja vyangu. Kufika kilomita 90 nilikuwa sihisi kidole cha mwisho wala cha pete. Kuna mshipa wa fahamu unaopita hapo chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo, na ukiukandamiza siku nzima ndivyo unavyokujibu. Nilishusha upepo hadi psi 32 na dunia ikawa laini ghafla, lakini mshipa ulikuwa umeshakasirika. Daktari ameniambia kwa kawaida hurudi, unataka wiki kadhaa na kuachwa upumzike. Mpaka leo vifungo vya shati nafungiwa na mtoto. Anacheka kweli kweli.

Basi usiku. Saa tatu na dakika chache nilikuwa nateremka mteremko mmoja mrefu wenye mawe yaliyolala kama meno. Nilikuwa nimechelewa kula. Unajua ile hesabu ya gramu sitini za wanga kila saa. Mchana niliifuata kwa kengele, giza lilipoingia nikaizima kengele kwa sababu ilikuwa inanikera, nikapita saa mbili bila kuweka kitu kinywani. Kichwa kilikuwa chepesi. Taa ya dinamo ilikuwa inafifia kila nikipunguza mwendo, kwa hiyo nilikuwa najilazimisha kwenda kasi kuliko ujasiri wangu. Nikagonga jiwe, mfuko ukaruka, nikatua, nikaendelea.

Wote niliowasimulia nimewaambia kwamba mkanda ulikatika. Shemeji yako nimemwambia mkanda ulikatika. Waandaaji nimewaambia hivyo hivyo, na Profesa, na mama yangu. Na ni kweli, mkanda ulikatika, ninao hapa mezani.

Nitarudi hapo.

Baada ya hapo nikaenda kama kilomita 45 nyingine, na hii sehemu nataka nikwambie wewe kwa sababu wengine hawataielewa. Zilikuwa saa tamu kuliko zote za safari ile. Nilisimama chini ya mteremko nikala kila kilichokuwa kwenye begi la mbele, nikasubiri dakika kumi, na nguvu zikarudi kama maji kwenye bomba. Hakukuwa na mwezi. Mashamba pande zote mbili, vyura, mbwa mmoja wa mbali. Barabara ilikuwa udongo ulioshikana vizuri baada ya mvua ya juzi yake, tairi zinanong'ona. Kila kilima nilichochoka nilishuka nikasukuma bila aibu. Mchana, ujue, nilikuwa nakanyaga hata pale ambapo kutembea kungekuwa haraka zaidi, kwa sababu nilijua uko mahali unatazama nukta na unasema, "Huyo anatembea huyo." Usikatae. Nimekutazama wewe ukiwatazama wengine.

Saa saba nikapata banda la kuhifadhia majani, halina mlango, nikatandika godoro na kulala saa mbili na nusu. Usingizi mzito kabisa. Wakati huo huo, kumbe, wewe upo kwenye simu na shemeji yako, shemeji yako yupo kwenye simu na waandaaji, na waandaaji wanamtoa mtu kitandani kwenda na gari kilomita ya 187 kunitafuta. Nimeambiwa alifika karibu saa kumi. Akashuka na tochi, akaita jina langu, akapekua majani pande zote mbili za njia. Aliangalia mpaka ndani ya kalavati. Halafu akakiona, kinamulika taa yake ya kijani taratibu, kimelala kwenye nyasi, mzima wa afya.

Sijui kama unaipata picha hiyo. Mimi inanijia kila usiku. Mtu ninayemjua kwa sura tu anainama kuchungulia kalavati, anajiandaa kwa atakachokiona.

Mimi niliamka saa tisa na nusu, natetemeka. Ile baridi ya kabla ya alfajiri siyo ya hewa tu, mwili wenyewe saa zile ndipo joto lake linaposhuka chini kabisa. Nikavaa kila nilichobeba, nikatoka. Kwenye kituo cha ukaguzi, kilomita ya 262, jua linachomoza, nikamsalimia kijana wa mezani. Akaniangalia kama amemwona maiti anaomba maji. Akasema, "Si wewe unayetafutwa?"

Nikampigia shemeji yako pale pale. Alipokea, akanisikiliza, akasema neno moja tu, "Sawa," akakata. Ningependa angenitukana.

Nilitaka kuacha. Nasema kweli. Zilikuwa zimebaki kilomita 138 na saa kumi na mbili, na sikuona sababu ya kukanyaga hata moja. Yule kijana ndiye aliyeniambia gari la kurudisha watu linaondoka jioni, kwa hiyo kukaa au kwenda ni kufika saa ile ile. Nikaenda. Nilifika saa kumi na moja na dakika arobaini. Nukta yangu rasmi imekwama pale pale kwenye kilomita ya 187, lakini waandaaji walikubali faili la njia lililokuwa kwenye kompyuta ndogo ya usukani, kila kona ilikuwemo. Nimehesabiwa nimemaliza. Profesa alikuwa ameshaoga, amelala na kuamka.

Sasa mkanda.

Nilisikia, ndugu yangu. Nilipogonga lile jiwe nilisikia kitu kikianguka nyuma. Sauti ndogo, "tak," na kitu kikibiringika. Nilijiambia ni jiwe limerushwa na tairi. Halafu nikajiambia labda ni kifuniko cha chupa. Nilijua kwamba ningeshuka na kurudi hatua ishirini na taa ya kichwani ningejua ni nini. Nilikuwa nimechoka, nateremka, na kurudi kupanda hatua ishirini kulionekana kama kurudi nyumbani. Hata nilipokuwa nakula pale chini, dakika kumi nzima, sikugeuka kuugusa mfuko. Nadhani sikutaka kujua. Na sina hakika kama utamu wa zile saa nne haukutokana na hilo hilo, kwamba mahali fulani kichwani nilikuwa najua kimeanguka.

Hili hakuna anayelijua. Kwa hiyo lawama zote nilizokupa hapo juu zipunguze nusu. Siyo zote. Saa nane bado ni saa nane, ungeweza kuwapigia waandaaji kwanza.

Sasa ombi. Shemeji yako ametoa hukumu: usiku sitoki tena peke yangu. Hajagombeza, amesema tu huku anakunja nguo. Mwakani kuna ya wawili wawili, mnaruhusiwa kugawana vifaa, pampu moja, spana moja, mzigo unapungua kabisa. Nataka twende wote. Lakini kabla ya hapo nataka uje uongee naye, wewe mwenyewe, kwa sababu wewe ndiye uliyemwamsha na kwa namna fulani ndiye anayekuamini sasa. Mimi nikisema "sitazima simu" ananiangalia tu. Juzi aliniambia, "Yule rafiki yako angalau alikuwa macho." Sikujibu.

Na yule aliyekwenda na gari nataka nimtafute, sijui nimwambie nini. Nimwambie asante? Nimwambie nilisikia? Wewe ungemwambia?

Halafu nieleze: goti lako limefika wapi? Umeanza kupanda vilima au bado unazunguka tambarare kama mstaafu? Zile rimu pana bado unazo au ulishampa Mama Tausi? Ukinisikia nasema mfuko mmoja wa kulalia kwa watu wawili, tukipokezana, utacheka au utafikiria? Na usiku ule, kuanzia saa tatu mpaka saa nane, saa tano nzima, ulikuwa unafanya nini hasa mbele ya ile kompyuta? Mbona hukulala? Kuna jambo? Mama Tausi alinidokeza kitu halafu akanyamaza, nikaona nisubiri uniambie mwenyewe.

Mkanda wako nimeushona kwa uzi wa nailoni, mara tatu, na mtoto ndiye aliyeshika kitambaa kwa sababu vidole vyangu havishiki sindano. Mfuko nimeuosha. Spana zimo ndani, mwisho kabisa, uje uzitoe mwenyewe.

Wako,
Yule yule wa kilomita 187