Maonyesho ya mtandaoni yasiwe albamu ya picha

Mhariri salaam, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua.

Siku hizi kila anayeshika maiki kwenye mambo ya utalii anasema makumbusho yaende kidijitali, sawa, nani anapinga? Ila fungua sasa hayo wanayoita maonyesho ya mtandaoni, unakuta picha zimepangwa na maelezo mstari mmoja chini, tena Kiingereza, basi. Hiyo si albamu ya harusi tu jamani? Mimi nataka mtoto akizungushe kitu kwa kidole aone mpaka mgongo wake, akigusa hapa asikie sauti ya mtu anamwelezea.

Nafundisha historia hapa Dodoma kwa hiyo nasema ya kwetu. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, maeneo yenyewe zaidi ya 150, lakini tunapofundisha vyanzo vya historia wanafunzi wengi hawajawahi kufika Kolo, kijiji cha Kondoa chenye michoro hiyo, maana hela ya kukodi basi la darasa zima shule haina. Na hata ukifika, ile michoro myekundu imefifia, unaweza ukasimama mbele ya jiwe usione kitu mpaka mtembeza watalii akuonyeshe. Sasa kuna programu inaitwa DStretch, wataalamu wa michoro ya miambani wanaitumia sana, inazivuta rangi kwenye picha ya kawaida mpaka vitu ambavyo jicho halikuviona vinatokea. Weka hiyo kwenye maonyesho, mwanafunzi akiburuta kidole kushoto aone jiwe lilivyo leo, akiburuta kulia wanyama na wale watu wembamba warefu wajitokeze. Hapo darasa halilali aisee.

Kutengeneza umbo la pande tatu nako sio uchawi, unakizunguka kitu unakipiga picha nyingi, kila picha iingiliane na iliyotangulia, kompyuta inaunganisha, na programu za bure kama Meshroom zipo. Kazi iko kwenye uzito wa faili, likiachwa lilivyotoka linaweza kula mamia ya MB na huku mtu ana bando la siku, kwa hiyo lipunguzwe kabisa na shule iweze kulipakua mara moja itumie bila intaneti.

Halafu wazee waulizwe kwanza. Pale Mongomi wa Kolo, mojawapo ya maeneo hayo ya michoro, watu bado wanaenda kwa matambiko, sio kila kitu ni cha kurushwa mtandaoni, na sauti za maelezo ziwepo za Kirangi, lugha ya wenyeji wa Kondoa, pia sio Kiswahili peke yake.

(Na yule dinosaria wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa kati ya 1909 na 1913, amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, na kimo cha mita 13.27, sioni kwanini mtoto wa Lindi asimzungushe kwenye simu yake.)

Watu wa kuifanya kazi tunao, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) pale kuna tehama na kuna akiolojia, wizara iwakutanishe tu. Waanze na pango moja, walilete shuleni likiwa bado halijakamilika, vijana wa kidato cha kwanza walichezee waseme wapi wamekwama, kabla ya uzinduzi wa mahema na mgeni rasmi.

Mwalimu wa historia,
Ipagala, Dodoma