Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Dirisha na Peni

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka niwasomee taarifa kila mwisho wa mwaka, na desturi ni kuanza na hesabu. Safari hii hesabu nimemwachia mweka hazina, atazisoma baada yangu. Mimi muda wangu nautumia kwa mambo mawili yaliyokula vikao vyetu: kukatizwa kazini, na hizi dawa zinazotufikia zikiwa zimefungwa ndani ya kifaa. Mwanzoni niliona hayajuani. Wafamasia walitaka la kwanza, mafundi vifaa tiba wakataka la pili, na kamati ikayaweka yote mawili ili kuepusha ugomvi. Kufikia Agosti nilikuwa nimebadili mawazo.

Nianze na kosa langu. Mwezi wa pili nilikuwa kwenye dirisha la dawa nahesabu vidonge vya presha vya mzee mmoja, vitano vitano kwenye trei, nimefika hamsini na tano kati ya tisini. Mama mmoja akainama dirishani: "Samahani dada, maabara ni wapi?" Nikamwelekeza kwa mkono. Simu ya mezani ikalia, stoo wanaulizia glovu. Niliporudi kwenye trei nilikuwa na hakika nimefika sitini na tano. Mwezi wa tano mzee yule akarudi na bahasha tupu na kadi yake ya kliniki. Hakunigombeza. Aliweka vyote viwili mbele yangu, akagonga kidole kwenye tarehe ya kurudi, ambayo bado ilikuwa mbele, akasema, "Mwanangu, dawa zako hazikufika safari." Alikuwa ameshakaa siku nne bila kidonge.

Niliposimulia haya kikaoni, hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa na lake.

Tulisoma pamoja utafiti wa Johanna Westbrook na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010. Katika hospitali mbili za Sydney, Australia, waliwafuatilia wauguzi 98 wakitoa dawa mara 4,271 kwa wagonjwa 720. Zaidi ya nusu ya mara hizo muuguzi alikatizwa. Pale ambapo hakukatizwa, uwezekano wa kosa kubwa ulikuwa asilimia 2.3, alipokatizwa mara nne, ulifika asilimia 4.7. Marubani walilishtukia hili zamani: tangu 1981 kanuni za Marekani zinawakataza kuzungumza yasiyohusu kazi wakati wa kupaa na kutua, na kwa ujumla ndege ikiwa chini ya futi 10,000. Mjumbe mmoja akauliza dirisha la dawa liko futi ngapi. Swali hilo liliingizwa kwenye kumbukumbu kwa kura ya kamati nzima.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa vizibao vyekundu. Tulisoma kwamba kwenye baadhi ya hospitali za Uingereza muuguzi anayegawa dawa huvaa kizibao chenye maandishi ya kumtaka mtu asimsumbue. Tukashona sita. Lazima nikiri hilo lilikuwa wazo langu, na lilikufa ndani ya wiki mbili. Kwetu mtu akivaa kizibao chenye maandishi, wagonjwa wanajua huyo ndiye mhusika, basi foleni nzima ikawa inamfuata yeye kumuuliza. Bibi mmoja alimtafuta mwenye kizibao mpaka nyuma ya kaunta ili amwulize choo kiko wapi. Vizibao viko kabatini kwa katibu. Atakayevihitaji kwa bonanza aombe.

Kilichosaidia ni cha kawaida mno, nusura nione aibu kukiandika. Kila zamu mtu mmoja anakaa kwenye kiti cha maulizo: anapokea simu, anajibu mambo ya maabara na choo na bima, na hagusi trei. Baada ya saa mbili wanabadilishana. Simu za mkononi za wanaohesabu zinakaa kwenye droo. Na ukikatizwa, haijalishi umefika wapi, unamwaga trei na kuanza moja. Hili la mwisho ndilo lililopigiwa kelele zaidi, hasa na wale wenye foleni ndefu. Nawaelewa. Kwa foleni ndefu bado sijapata jibu ila kumwomba mganga mfawidhi aongeze mtu, na mnajua majibu ya maombi ya namna hiyo.

Nitoe tahadhari moja. Muuguzi anayekuja mbio kusema mgonjwa ana mzio wa penisilini naye anakatiza kazi. Huyo apewe njia. Kituo kimoja kilibandika tangazo la kukataza mtu yeyote kuzungumza na mtoa dawa. Tulishauri libanduliwe siku hiyohiyo, likabanduliwa.

Sasa nije kwa dawa zenye kifaa. Kwanza tulizozana jina. Wako waliotaka "bidhaa pacha," wako waliotaka "bidhaa unganishi." Tumekubaliana kwa shingo upande kusema dawa-kifaa mpaka Baraza la Kiswahili litukosoe. Ni vile vitu ambavyo dawa na kifaa vimekuwa kitu kimoja: peni ya insulini, pampu ya pumu, sindano iliyojazwa dawa kiwandani, kiwambo cha waya cha kupanua mshipa wa moyo kilichopakwa dawa.

Ugumu wake unaanzia kwa mdhibiti. Dawa ina kanuni zake za kiwandani, kifaa kina zake, na anayetengeneza dawa-kifaa anadaiwa zote. Marekani ilibidi mwaka 2002 waanzishe ofisi maalumu ndani ya FDA, mdhibiti wao wa dawa na vifaa, ya kuamua kila bidhaa iende idara gani, na kipimo chao ni kujua ni kitu gani hasa kinachofanya kazi kubwa ya tiba. Kile kiwambo cha moyo chenye dawa ya sirolimasi, walichokiidhinisha mwaka 2003, kilihesabiwa kifaa, kwa kuwa kazi kubwa ni ya waya kuuweka mshipa wazi. Sisi Tanzania tangu 2019 tuna mamlaka ya udhibiti, TMDA, dawa na vifaa tiba chini ya paa moja, na hiyo ni nafuu. Lakini hata chini ya paa moja milango ni miwili. Mwanachama mmoja alipata peni zilizokwama kitufe, akakaa nazo mezani siku kadhaa akijiuliza ajaze fomu ya madhara ya dawa au ya matukio ya vifaa. Mwishowe hakujaza yoyote. Jibu la kamati: jaza yoyote, peleka; watajipangia wenyewe.

Mada iliyotushika zaidi ilikuwa kisa cha Eprex, dawa ya kuongeza damu wanayopewa wagonjwa wa figo. Mwaka 1998, kwa soko la Ulaya, kiungo kimoja kilichokuwa kinaituliza dawa hiyo, albumini ya damu ya binadamu, kiliondolewa na kuwekwa polisobeti 80. Miaka iliyofuata wakatokea wagonjwa ambao miili yao ilianza kuipiga vita dawa hiyo pamoja na homoni yao wenyewe inayofanana nayo, uboho ukaacha kutengeneza chembe nyekundu. Watafiti wa kampuni yenyewe walinyoosha kidole kwenye kizibo cha mpira ndani ya sindano iliyojazwa: polisobeti, ambayo tabia yake ni kama ya sabuni, ilikuwa inachomoa kemikali kutoka kwenye mpira usiopakwa utando. Wataalamu wengine walitaja sababu nyingine, ikiwemo dawa kutotunzwa kwenye baridi, na ubishi haukuisha wote. Vizibo vikapakwa utando, wagonjwa wa figo wakarudishiwa kuchomwa kwenye mshipa badala ya chini ya ngozi, na visa vikapungua sana.

Hapo ndipo nilipoanza kuona vikao vyetu viwili ni kimoja. Mpira ule ulikuwa mpira mzuri, na dawa ilikuwa nzuri. Mimi pia najua kuhesabu, na mama yule alikuwa na haki ya kuulizia maabara.

Pampu za pumu ni mfano mwingine, nitaupitia haraka. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulipoanza kuondoa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, watengenezaji wa pampu walibadili gesi, kisha wakajikuta wanabadili vali, mipira ya kuziba, na namna dawa inavyochanganywa. Mafundi wetu walitikisa vichwa kama watu waliowahi kubadilisha boriti moja wakaishia kuezeka nyumba upya.

Halafu kuna mtumiaji. Kwenye mafunzo ya peni tulimwalika bibi mmoja anayetumia insulini atuonyeshe anavyofanya nyumbani. Alizungusha namba sawasawa, akachoma sawasawa, akabonyeza, akachomoa sindano papo hapo. Tone likabaki linaning'inia kwenye ncha. Hilo tone ni sehemu ya dozi yake. Tukamwambia abonyeze na kushikilia huku akihesabu mpaka kumi. Akasema, "Nilifundishwa hivyo. Lakini nikifika nne, mjukuu ananiita." Fundi mmoja aliyekuwa ameketi nyuma akasimama, akaenda kukaa karibu na bibi, na nusu saa iliyofuata ilikuwa ya hao wawili: peni ipi inatoa mlio dozi ikiisha, na kama mlio huo masikio yake anausikia.

Peni hiyo anaitunza ndani ya mtungi wenye maji nje, kwa kuwa umeme wa kwao hauaminiki. Peni iliyofunguliwa kwa kawaida haitakiwi kupita nyuzi joto 30, na Tanga mwezi wa pili mnaijua. Mtungi unapoza, lakini unyevu unaingia kwenye kifuniko. Sidhani kama aliyechora peni ile mezani kwake aliwahi kuuona mtungi.

Kwa sindano ya uzazi wa mpango ya DMPA-SC nina machache. Ni kifuko kidogo chenye miligramu 104 za dawa na sindano yake, na mwanamke anaweza kujichoma mwenyewe. Uganda walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuijaribu, mwaka 2014. Ukisahau kusukuma kifuniko mpaka pengo lifungike kabla ya kuchoma, dawa haitoki. Basi wanaofundisha wasisitize pengo hilo, wasiwe wanajibu simu.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba ada ziingie kabla ya Machi, na majina ya wagombea yamfikie katibu mapema. Na kila mwenye peni za insulini zilizokwisha, azilete za mazoezi, sindano ikiwa imeshatolewa na kutupwa kwenye boksi lake. Bibi wetu amekubali kuja tena kufundisha. Ameomba kikao kiwe asubuhi, mjukuu akiwa shule.