Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayekwenda kusaini tena

Mdogo wangu,

Nimesikia una mkataba mwingine mezani. Sikusikia kwako, bila shaka. Nimeambiwa na watu wanaodhani bado tunaongea. Kampuni mpya, ruzuku ya serikali, chuo katikati kama kawaida. Hongera. Nasema kwa moyo mweupe, amini usiamini. Na kwa kuwa simu zangu hupokei, utasoma hapa pamoja na wengine.

Kile kikao cha mkataba uliopita sijakisahau. Mwanasheria wa kampuni aliuliza swali la kawaida kabisa, tena kwa upole: kuna mtu wa nje aliyewahi kuonyeshwa kifaa hiki? Ukanyamaza. Afisa wa wizara akaacha kuandika. Ndipo ukasema ulikionyesha kongamanoni, mchoro wa ndani ukiwa kwenye skrini, watu wakipiga picha. Kisha ukanigeukia mbele ya wote: "Dada ndiye aliyeniruhusu."

Mimi! Mimi niliyekesha na wewe tukirekebisha vipimo, niliyeandika ombi la ruzuku nikaweka jina lako juu ya langu. Nilichokwambia ni uende. Uende, uzungumzie matokeo, mchoro uuache. Huko ndiko kuruhusu? Mtu mwenye shahada ya uzamivu haambiwi jambo mara mbili.

Na sheria uliijua. Kwa Ulaya, ukishautangaza uvumbuzi hadharani kabla ya kuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki, kwa kawaida umejifungia mlango mwenyewe. Marekani inakupa mwaka mmoja. Wanasayansi Stanley Cohen na Herbert Boyer walichapisha kazi yao ya kuunganisha jeni mwaka 1973, na Chuo Kikuu cha Stanford kikawasilisha ombi Novemba 1974, siku chache kabla mwaka haujaisha. Haki za nje ya Marekani zilikuwa zimeshapotea, lakini hiyo ya ndani peke yake iliingiza karibu dola milioni 255 za leseni. Wanasayansi wengine, Köhler na Milstein, kule Cambridge, walichapisha mwaka 1975 njia ya kutengeneza kingamwili (protini za kinga ya mwili) za aina moja, bila hataza. Nobel wakaipata mwaka 1984. Biashara wakaifanya wengine. Na kumbuka, taarifa ilikuwa imeshafika kwa shirika la serikali lililoshughulikia mambo hayo, nalo halikuchukua hatua. Hakuna aliyesimama kumsingizia dada yake.

Basi safari hii soma unachotia saini. Hata karatasi ya mapokezi. Mtafiti mmoja wa Stanford alikwenda kampuni ya Cetus kujifunza PCR, mbinu ya kunakili DNA, akasaini fomu waliyompa. Chuoni alikuwa ameahidi kwamba baadaye atakikabidhi haki za uvumbuzi wake. Pale kwa Cetus alizikabidhi papo hapo. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2011 Stanford ikashindwa na kampuni ya dawa ya Roche, iliyokuwa imenunua biashara hiyo ya Cetus. Fedha za serikali kuwemo katika utafiti hakukuiokoa.

Wakikuomba leseni ya pekee, yaani wao tu ndio wautumie uvumbuzi, usiwape kwa matumizi yote, na usiwape bila tarehe. Waandike: mfano wa majaribio lini, uzalishaji lini, na wasipotimiza haki zirudi chuoni. Kampuni inaweza kununua leseni ili kuifungia kabatini tu, mshindani asiipate. Wakitaka kusoma makala zako kabla hazijachapishwa, wape muda wenye mwisho, si ruhusa ya kukuzuia milele. Wanafunzi wako wana tasnifu za kutetea. Hilo nililisema hata mara ile, ukaniambia nawatisha wawekezaji.

Nilikuwa nawatisha? Mwanasheria wao alinipigia baadaye kunishukuru kwa maswali yangu. Sikukueleza kwa sababu ulikuwa umeshaacha kupokea simu.

Serikali nayo usiione kama shangazi aliyekuja na zawadi. Mpaka mwaka 1980, sheria ya Bayh-Dole ilipopitishwa, hataza nyingi zilizotokana na fedha za serikali ya Marekani zilibaki mikononi mwake bila kutumika. Sheria hiyo iliwapa vyuo nafasi ya kuzimiliki, ila serikali ikajibakizia haki zake. Uliza hizo za kwenu ni zipi, nawe uulize kabla ya picha za pamoja na kupeana mikono. Unavyopenda picha, nakujua.

Daftari za maabara zile za jalada jeusi ziko kwangu. Mwanasheria wako atazitaka, maana tarehe zote zimo humo, na mwandiko ni wa watu wawili. Usipotaka kuniona, mtume mwanafunzi wako yeyote azichukue. Aje na barua yenye saini yako, maana sitampa mtu mikononi hivihivi.

Dada yako